Kuziba kwa utando: Adui mkubwa wa mitambo ya kusafisha maji

UTANDO wa kuchujia maji ni ngozi nyembamba ya plastiki maalumu, yenye uwezo wa kupitisha maji na kuzuia uchafu, vijidudu na hata chumvi.

Hutumika katika mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, mitambo ya majitaka, viwanda vya maji ya chupa na vichujio vidogo vya majumbani. Utando wa kwanza uliofaa kuondoa chumvi ulibuniwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na mwaka 1965 mji wa Coalinga huko Marekani ulianza kupata maji kwa njia hiyo.

Hata hivyo, teknolojia hiyo ina adui mmoja asiyekwisha: utando huziba.

Kadiri uchafu unavyojikusanya juu ya utando, ndivyo pampu zinavyolazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili kupata kiasi kile kile cha maji. Maji ya bahari huhitaji shinikizo la takriban mara 55 hadi 70 ya shinikizo la hewa ya kawaida, na mitambo ya kisasa hutumia takriban uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila meta ya ujazo ya maji safi. Utando ukiziba, gharama hiyo hupanda, na hatimaye mzigo humwangukia mlaji.

Uchafu unaoziba utando umegawanyika katika makundi manne. Kundi la kwanza ni chembe za udongo, matope na kutu. La pili ni madini yanayoganda, kama vile chokaa, na kufanya ukoko mfano wa ule unaoonekana ndani ya birika la chai. La tatu ni mabaki ya mimea na viumbe, yakiwamo mafuta na ute.

Kundi la nne, ambalo ndilo sugu kuliko yote, ni bakteria. Hawa hujishikiza kwenye utando, huzaliana na kujifunika kwa utelezi unaowakinga. Hata wakiuawa karibu wote, wachache wanaobaki huzaliana upya.

Ugumu huongezeka kwa kuwa klorini, dawa iliyozoeleka ya kuua vijidudu, huharibu utando wa aina inayotumika zaidi kuondoa chumvi. Kwa sababu hiyo, mitambo mingi inayotia klorini mwanzoni hulazimika kuiondoa kabla maji hayajaufikia utando.

Athari za tatizo hili zilidhihirika katika Ghuba na Bahari ya Oman mwaka 2008. Mwani mdogo sana uitwao Cochlodinium polykrikoides ulienea baharini, maji yakabadilika rangi na samaki wengi wakafa. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 2009. Vichujio vya awali vilizidiwa na ute wa mwani, na baadhi ya mitambo ya kuondoa chumvi ikalazimika kusimamishwa, katika eneo ambalo miji mingi hutegemea bahari kwa maji ya kunywa.

Fundisho lililopatikana ni kwamba vita dhidi ya kuziba hushindwa au kushinda kabla maji hayajaufikia utando. Baadhi ya mitambo iliyojengwa baadaye iliwekewa matangi ambamo mapovu madogo ya hewa hubeba mwani hadi juu ya maji ili uenguliwe. Aidha, dawa za kugandisha uchafu, vichujio vya mchanga na dawa za kuzuia ukoko hutumika.

Katika majitaka, ambako utando huzamishwa ndani ya tangi lenye bakteria wanaokula uchafu, mapovu ya hewa hupulizwa mfululizo kutoka chini ili kuusugua.

Pamoja na hayo yote, utando lazima uoshwe. Asidi huyeyusha ukoko wa madini, na dawa kali za jamii ya magadi huondoa mafuta, ute na bakteria. Wataalamu hushauri kuosha mara mtiririko unapopungua kwa takriban asilimia 10, kwani uchafu ukiachwa ukashikamana, kuutoa huwa vigumu na utando huchakaa mapema.

Kanuni hiyo inamhusu pia mwenye kichujio cha utando nyumbani. Maji yakianza kutoka kwa uchache, au ladha ya chumvi ikirejea, kichujio kinahitaji kukaguliwa. Kubadilisha kwa wakati vichujio vya awali, ambavyo ni vya bei nafuu, ndiyo njia ya kuulinda utando wenyewe, ambao ni ghali zaidi.