Kikapu cha Nani? Ususi, Ukimbizi na Utambulisho kati ya Nakivale na Mbarara

Mtu anayetaka kuandika historia ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale hukutana kwanza na karatasi za serikali na mashirika: orodha za majina, idadi ya kaya, kadi za mgao, ramani za vijiji. Karatasi hizo ni muhimu, lakini karibu zote zinamtaja mkimbizi kama mtu anayepokea. Anapokea kiwanja, anapokea jembe, anapokea mahindi. Ni nadra kumkuta akitengeneza kitu. Katika insha hii ninajaribu kuisoma historia ya Nakivale kupitia vitu vilivyotengenezwa na wakazi wake kwa mikono, hasa vikapu na vyombo vya maziwa, na kuvifuata hadi mjini Mbarara vinakouzwa. Hoja yangu ni kwamba kazi za mikono ni zaidi ya utamaduni uliohifadhiwa. Kupitia kazi hizo watu wamejadiliana wao ni nani na ni wa jamii ipi, na mara nyingine wamegombana juu ya jambo hilo.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Ilitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, wakati ilipowapokea Wanyarwanda, wengi wao Watutsi, waliokimbia machafuko yaliyoanza Novemba 1959. Baadaye walikuja wengine: Wanyarwanda wa baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Wasomali, Waethiopia, Wakongo waliokimbia vita vilivyoanza 1996 na vile vilivyofuata, na Warundi wengi baada ya mgogoro wa 2015. Leo kuna zaidi ya watu 100,000, na Wakongo ndio wengi zaidi. Mimi nilikulia humo, katika familia iliyotoka Kivu. Kiswahili chetu ndicho lugha ya soko la Nakivale, na katika Kiswahili hicho kila kilichosukwa cha kubebea vitu ni kitunga. Jina moja linafunika mambo mengi, na ndiyo maana nimeamua kutazama chini yake.

Tuanze na chombo cha maziwa. Wanyarwanda huita chombo cha mti cha kukamulia *icyansi*. Wanyankole, wenyeji wa eneo hili, hukiita *ekyanzi*. Kibuyu cha kusukasukia maziwa ni *igisabo* kwa Kinyarwanda na Kirundi, na *ekishaabo* kwa Kinyankole. Haya si maneno yaliyoazimwa juzi kambini. Ni dalili ya ukanda mmoja wa wafugaji uliokuwepo kabla Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji hawajachora mipaka. John Roscoe alieleza vyombo vya Wanyankole katika kitabu chake cha 1923, na Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere, alichapisha na Klaus Wachsmann mwaka 1953 kitabu kuhusu kazi za mikono za Uganda. Kwa hiyo, mkimbizi wa 1960 aliyefika Nakivale na icyansi kichwani alikuta majirani wanaokijua chombo chake na hata jina lake.

Hata hivyo, tusiharakishe kusema kwamba chombo kimoja kinaleta jamii moja. Ndani ya Ankole yenyewe, vyombo vya maziwa vilichongwa na mafundi wa Kiiru na kutumiwa na Wahima wenye ng'ombe, nao wanawake wa Kihima wakasuka vifuniko vyake vya nyuzi laini. Chombo kilipita katika mikono ya watu wasiokuwa sawa kihadhi. Kila aliyekishika alikuwa na sababu ya kusema ni chake.

Ushahidi mkali zaidi ni wa Oktoba 1982. Katika utawala wa pili wa Milton Obote, viongozi wa mitaa na vijana wa chama cha UPC waliwafukuza Wanyarwanda kutoka mashamba yao katika Mbarara na maeneo ya jirani. Waliofukuzwa hawakuwa wakimbizi peke yao. Walikuwemo pia raia wa Uganda wenye asili ya Rwanda. Makumi ya maelfu walisukumwa kwenye makazi kama Nakivale na Oruchinga, na wengine wengi wakavuka kuingia Rwanda hadi Rwanda ilipofunga mpaka mwezi Novemba. Maelfu walikwama Merama Hill, hawatakiwi huku wala kule. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Waliofanya hayo walikunywa maziwa kutoka katika vyombo vya namna ileile. Tukio hili linatufundisha kwamba kufanana kwa utamaduni hakumlindi mtu pale siasa inapoamua kwamba yeye ni mgeni. Wanafunzi tunaopenda kusema "sisi Waafrika wa eneo hili ni wamoja, tazameni kazi zetu za mikono" tunapaswa kulijibu swali la 1982 kwanza.

Swali hilo linakuwa gumu zaidi tukitazama *agaseke*, kikapu cha Rwanda chenye mfuniko uliochongoka. Hakifumwi kama mkeka. Msusi huchukua fungu jembamba la nyasi, hulizungushia uzi, na kushona kila mzunguko juu ya uliotangulia kwa sindano. Kikapu cha wastani huchukua siku kadhaa. Mwaka 1994 wengi wa wakimbizi wa zamani walirudi Rwanda, na Nakivale ikapokea Wanyarwanda wapya, safari hii wengi wao Wahutu. Makazi yaleyale yakawa yamehifadhi, kwa nyakati tofauti, watu waliokimbiana. Wote walikuja na kikapu kilekile na mshono uleule.

Wakati huohuo, serikali mpya ya Rwanda ilikipa kikapu hicho maana nyingine. Nembo ya taifa iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2001 ina agaseke katikati yake, na vikapu vya Rwanda vilianza kuuzwa Marekani vikiitwa vikapu vya amani. Tafakari basi hali ya mama aliyeikimbia nchi hiyo na anayeogopa kurudi, ambaye chakula chake kinategemea kikapu kilicho kwenye nembo ya serikali anayoiogopa. Je, anasuka utaifa? Nadhani anasuka alichofundishwa na mama yake, na taifa limekuja baadaye kudai kilicho chake.

Ngoma ya Burundi inaonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Mwaka 2014 UNESCO iliorodhesha uchezaji wa ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa binadamu. Miaka mitatu baadaye, amri ya rais ilielekeza kwamba ngoma zipigwe katika shughuli rasmi au kwa kibali, na wanawake wasizipige. Amri hiyo haivuki mpaka. Ngoma inayochongwa na Warundi walio uhamishoni ni ngoma isiyoomba kibali, na kwa maana hiyo ugeni umeipa uhuru ambao nyumbani imenyimwa.

Nyenzo nazo zina historia yake. Tangu Aprili 2020, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, na Februari 2021 kwa asilimia 40. Nyumbani kwetu na kwa majirani, kazi ya mikono iliyokuwa ya jioni ikawa ya mchana. Nyuzi nyingi za rangi ninazoziona kwenye vikapu zimefumuliwa kutoka viroba. Mafunjo hutoka kwenye kinamasi cha ziwa Nakivale, lakini ardhioevu ya Mburo na Nakivale iliorodheshwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar, na wingi wa watu wanaoitegemea unaielemea. Msusi anabanwa na njaa upande mmoja na hifadhi upande wa pili. Anayesema kikapu ni cha "asili" hajakitazama kwa karibu: ndani yake mna kiroba cha msaada, kinamasi na mshono wa karne iliyopita.

Sasa twende Mbarara, ambayo imekuwa jiji tangu Julai 2020. Muhula uliopita nilizunguka kwenye vibanda vya vitu vya ukumbusho nikiuliza swali moja: kikapu hiki kimetoka wapi? Jibu nililopata mara nyingi ni "Ankole", hata kwa vikapu ambavyo mshono na mfuniko wake ninavijua kutoka mtaani kwetu. Sidhani wauzaji walikuwa na nia mbaya. Mnunuzi hutaka kitu cha mahali alipotembelea, na neno "mkimbizi" humfanya aombe bei ya huruma. Lakini matokeo ni kwamba msusi anafutwa mara mbili: katika karatasi za kambi yeye ni mpokeaji, na sokoni hayupo kabisa.

Vijana wa rika langu wameanza kulijibu hilo kwa njia yao. Wapo wanaochanganya kitenge cha Kongo na ususi wa Rwanda kwenye mkoba mmoja, na wanaouza kwa simu bila kupitia kibanda. Wengine huwalaumu kwamba wanaharibu mila. Kwa maoni yangu wanafanya kile ambacho ukanda huu umefanya siku zote, yaani kuazimana. Tofauti ni kwamba wao wanataka ijulikane nani ameazima na nani ametengeneza.

Kutokana na haya, napendekeza sisi wanafunzi wa historia tukusanye masimulizi ya wasusi wakiwa bado hai, pamoja na majina ya mishono, mahali walipojifunzia na nyenzo walizobadilisha njiani. Majumba ya makumbusho ya eneo hili, kama lile la Igongo huko Biharwe, yanaeleza vizuri Ankole ya wafalme na ng'ombe. Sura ya waliofika baada ya 1959 nayo ni sehemu ya historia ya Ankole. Lakini tusidhani kwamba kila msusi anataka jina lake liandikwe kwenye kikapu. Kwa aliyekimbia, jina likijulikana linaweza kumletea hatari. Wapo watakaotaka kutajwa, na wapo watakaotaka tuandike mshono bila jina. Uamuzi huo ni wao, na utafiti wetu hauna budi kuanza kwa kuwauliza.