Kazi Isiyo na Stakabadhi

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimpa hakimu mamlaka mazito. Kwa kifungu cha 114, ndoa inapovunjika anaweza kugawa mali ambayo mume na mke waliichuma kwa juhudi zao za pamoja. Anatakiwa kuangalia mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Akishayapima hayo, aelekee kwenye usawa. Tangu hapo ubishi umekuwa juu ya mke aliyepika, akafua na kulea, huku hati ya kiwanja na stakabadhi za saruji zikiwa na jina la mume. Naamini mahakama zilipoamua kuihesabu kazi yake zilifanya jambo kubwa, lakini ziliacha bila jibu namna ya kuithibitisha, na ndiyo maana haki hiyo imebaki rahisi kuitamka na ngumu kuipata.

Miaka ya kwanza majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wapo walioona kwamba kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu, hazinunui tofali. Wengine waliona kwamba mume asingeweza kujenga kama hapangekuwa na mtu wa kuishikilia nyumba. Mahakama ya Rufani ilimaliza mgawanyiko huo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif. Jaji Mkuu Francis Nyalali alisoma sheria kwa kuutazama ubaya ambao Bunge lilitaka kuuondoa, akahitimisha kwamba kazi za nyumbani nazo ni juhudi za pamoja. Wengi huishia hapo wanapolisimulia shauri hili. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu katika nyumba. Mahakama iliona kwamba alipewa fedha na mumewe kwa maendeleo ya familia akazitapanya, na hilo likafuta mchango wake. Tazama mizani ilivyopimwa: fedha alizopewa zilihesabiwa, na matumizi yake yakahojiwa, lakini miaka yake ya kazi ilitambuliwa kwa jina bila kupewa kiasi. Kwa hiyo kanuni ilizaliwa siku ileile iliposhindwa kumlipa aliyeidai.

Kenya ilipita njia ndefu zaidi. Kwa miongo mingi mahakama zake zilitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali za wanawake walioolewa, na mwaka 2007, katika shauri la Echaria, Mahakama ya Rufani ilikataa kwamba kuwa mke na kulea watoto ni mchango katika kununua mali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ilikuja kutaja waziwazi kazi za nyumbani, malezi na kazi ya shamba kuwa mchango. Hata hivyo, mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Nchi mbili, sheria tofauti, na zote zimefika kwenye mlango mmoja: ushahidi.

Watakaopinga wana hoja nzito. Waislamu wengi watasema kwamba mali ya mke ni yake na ya mume ni yake, na mwanamke ana mahari, matumizi ya eda na kitoka nyumba. Ni kweli, na Sheria ya Ndoa yenyewe haimnyang'anyi mtu mali yake binafsi. Lakini mahari ni haki ya kuolewa na kitoka nyumba ni kiliwazo cha kuachwa. Hakuna kati ya hivyo kilicho malipo ya nyumba waliyoijenga pamoja. Wengine wataogopa kwamba aliyeolewa miezi sita atadai nusu. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo sababu sheria inampa hakimu nafasi ya kupima. Nisichokubali ni kuichukua hofu hiyo kuwa kipimo cha mke wa miaka ishirini. Hakuna anayepewa risiti kwa kupika ugali. Muda wa ndoa, idadi ya watoto, na maneno ya majirani na ndugu ni ushahidi unaotosha kwa kazi ya aina hii.

Upande wa madeni umezungumzwa kidogo mno. Mwanamke anakopa kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, au anachukua mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, ili kulipa ada au kuezeka nyumba, na deni linaandikwa kwa jina lake. Siku ya talaka nyumba huitwa ya mume na deni huitwa la mke. Sheria imesema tangu 1971 kwamba deni lililokopwa kwa faida ya wote lizingatiwe katika mgawo. Daftari la kikoba lina tarehe, kiasi na saini. Nawaomba wanaokwenda mahakamani walibebe, na mahakimu waulize fedha zile zilikwenda wapi kabla hawajagawa hata bati moja.