Darubini ya Bunduki na Vishikio Vyake

Mtu asikiapo habari za bunduki yenye darubini, mara hudhani ya kuwa ubora wake wote umo katika vioo. Akienda kuichagua atauliza, Yakuza mara ngapi? Vioo vyake vyaangaza? Ni nadra kuuliza habari za vile vipande vya chuma vinavyoishika darubini juu ya kasiba. Lakini tukizifuata habari za silaha hii tangu mwanzo wake, twaona ya kuwa vishikio viliwasumbua wapigaji wa mbali kama vioo, au kuzidi, na katika mahandaki ya Ufaransa kosa hilo lililipwa kwa roho za watu.

Darubini yenyewe ni ya zamani. Mwaka wa 1608 Hans Lipperhey, fundi wa miwani katika Uholanzi, aliomba haki ya kuitengeneza, na mwaka uliofuata Galileo akaielekeza mbinguni. Namna ile haikufaa kulenga, maana ndani yake hapana mahali ambapo sura ya kitu hujikusanya hata mtu apate kutia alama juu yake. Mwaka wa 1611 Kepler alieleza namna nyingine, yenye vioo viwili vilivyobenuka. Katika hiyo sura husimama ndani ya bomba, ingawa imepinduka juu chini. Aliyeitambua faida yake ni William Gascoigne, Mwingereza mtazama nyota. Yasimuliwa ya kuwa buibui alitanda uzi ndani ya darubini yake, naye alipochungulia akauona uzi na nyota pamoja, vyote viwili wazi. Katika jambo dogo kama hilo ulianza ule msalaba wa kulengea. Gascoigne aliuawa vitani Marston Moor mwaka wa 1644, angali kijana.

Ikapita miaka karibu 200 kabla bunduki haijastahili kupewa kitu kizuri namna hiyo. Kasiba laini hurusha risasi ya mviringo isiyojua iendako. Ya nini kumwona adui wa yadi 500 ikiwa huwezi kumpata yule wa yadi 100? Mafundi walipozidi kuwa hodari wa kuchonga mifuo ya kuzunguka ndani ya kasiba, risasi ikazunguka kama pia na kwenda sawasawa, ndipo jicho likawa dhaifu kuliko bunduki. Katika miaka ya 1840 John Chapman alieleza katika kitabu chake bunduki za fundi Morgan James wa Utica, katika New York, zilizotiwa darubini ndefu karibu sawa na kasiba yenyewe. Mwaka wa 1855 William Malcolm alianza kutengeneza darubini za bunduki huko Syracuse, si mbali na hapo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, vilizijaribu kazi za mafundi hawa. Baadhi ya bunduki za walenga shabaha wa Kaskazini zilikuwa na uzito wa ratili 30. Ziliegemezwa juu ya gogo au meza, wala hakuna awezaye kukimbia nazo. Watu wa Kusini walipata kwa shida bunduki chache za Whitworth kutoka Uingereza. Kasiba yake ilikuwa na pande 6 ndani, na sifa zake zilienea tangu mwaka wa 1860, Malkia Victoria alipofungua mashindano ya shabaha Wimbledon. Bunduki ile ilikuwa imefungwa katika chombo cha chuma. Malkia alivuta kamba tu, na risasi ikapiga karibu na kitovu cha shabaha kwa yadi 400. Yafaa kukumbuka kwamba sifa za siku ile zilikuwa za bunduki pamoja na chombo kilichoishika.

Chache katika Whitworth hizo zilitiwa darubini ya Davidson, afisa wa Kiingereza aliyetumika Bara Hindi. Yeye aliifunga ubavuni mwa bunduki, upande wa kushoto. Walioitumia wamesimulia ya kuwa baada ya mapigano walikuwa na weusi machoni, kwa sababu bomba lilikaa karibu mno na jicho, na bunduki iliporudi nyuma iliwapiga. Hata hivyo walenga shabaha wa Kusini waliogopwa sana. Tarehe 9 Mei 1864, huko Spotsylvania, Jenerali Sedgwick wa Kaskazini alikuwa akiwatuliza askari wake waliojiinamisha kwa hofu, akidhani ya kuwa adui yu mbali mno asiweze kupiga. Akapigwa usoni, akafa.

Sasa na tuipige hesabu, maana bila hesabu neno la vishikio laonekana kama ubishi wa mafundi. Tuseme vishikio viwili vimeachana inchi 6. Kishikio cha nyuma kikiinuka kadiri ya sehemu moja tu ya inchi iliyogawanywa mara 1,000, risasi itahama inchi 6 kwa yadi 1,000. Karatasi ya daftari ina unene wa sehemu 4 hivi za namna hiyo. Basi ukiingiza karatasi moja chini ya mguu wa nyuma wa darubini, risasi itakwenda juu inchi 24, yaani futi 2. Ile iliyokusudiwa kifua itapita juu ya kichwa. Hakuna kioo duniani kiwezacho kuliponya kosa hilo. Kioo kizuri kitakuonyesha wazi zaidi mahali ulipokosa, basi.

Vita Vikuu vilipoanza mwaka wa 1914, Wajeremani walikuwa tayari kuliko adui zao, kwa kuwa katika nchi yao wawindaji walikuwa wamezoea darubini muda mrefu. Bunduki zao nyingi zilikuwa na vishikio vya makucha: miguu miwili yenye kulabu iliyoingia katika vitako vilivyofungwa juu ya mtambo wa bunduki. Darubini ikaweza kuondolewa na kurudishwa, nayo ikakaa pale pale, maana fundi aliilinganisha na bunduki moja kwa tupa na subira. Waingereza walitengeneza zao kwa haraka. Wakaamua kuiweka darubini kando, upande wa kushoto, ili askari aendelee kutia risasi 5 kwa mara moja kwa kibanio chake kutoka juu. Sababu hiyo yaonekana kuwa na akili mtu akiwa ofisini. Lakini mlenga shabaha hapigi risasi nyingi kwa haraka. Hupiga moja, kisha hungoja. Tena kazi yake ilikuwa katika tundu jembamba la bamba la chuma. Kasiba ilipita katika tundu, na darubini iliyokuwa kando ikatazama bamba!

Na hesabu nayo ikawashtaki. Darubini ikiwa inchi 2 kushoto kwa kasiba, nayo imerekebishwa ili risasi ikutane na msalaba kwa yadi 100, kwa yadi 600 risasi itapita inchi 10 kushoto. Kichwa cha mtu hakina upana huo.

Aliyepiga kelele sana juu ya mambo haya ni Meja Hesketh-Prichard, aliyekuwa mwindaji, msafiri na mchezaji wa kriketi. Aliona darubini nyingi zimehama mahali pake, na askari waliopewa hawakufundishwa kuzirekebisha. Mtu huichukua bunduki kama hiyo kwa furaha, akakosa siku baada ya siku, na yule wa ng'ambo asimkose. Mwaka wa 1916 Meja akaanzisha shule huko Linghem, nyuma ya mahandaki, na humo bunduki zilijaribiwa kwanza kabla ya watu. Aliazima hata bunduki za kuulia tembo ili kutoboa mabamba ya chuma ya Wajeremani. Waingereza wakapata mwisho bunduki yenye darubini juu ya kasiba, na vishikio vilivyoiga makucha ya Wajeremani. Ilikubaliwa mwaka wa 1918, vita ikaribiapo kwisha.

Katika vita vya pili somo halikusahauliwa. Bunduki ya Kiingereza No. 4 Mk I (T) ilitiwa darubini No. 32, ambayo kwanza ilibuniwa kwa ajili ya bombomu ya Bren. Yakuza mara 3 hivi tu. Wengine huidharau kwa hiyo, lakini mkono wa mtu hutetemeka, na darubini hukuza mtetemeko pamoja na shabaha. Nguvu yake ilikuwa kishikio: chuma kizito chenye parafujo mbili kubwa za kukazwa kwa vidole. Tangu mwaka wa 1942 kazi ya kuvifunga ilifanywa na Holland & Holland wa London, jina wanalolijua wawindaji wa tembo, nao walitengeneza zaidi ya 20,000.

Siku hizi kazi ya tupa imepungua. Mwaka wa 1995 jeshi la Marekani liliweka kipimo kimoja cha reli ya chuma yenye mifuo, nayo huitwa Picatinny, hata pete za fundi huyu zikae juu ya bunduki ya fundi yule. Kwa wapigaji wa mbali reli nyingine huinamishwa mbele kidogo, mara nyingi dakika 20 za pembe, ambazo kwa yadi 1,000 ni zaidi ya futi 17. Hufanya hivyo kwa sababu risasi huanguka sana njiani, na parafujo ya ndani ya darubini ina mwisho wake. Reli iliyoinama huiachia nafasi.

Lakini zile No. 4 zilitengenezwa kila moja na darubini yake. Nambari ya bunduki ilichorwa katika kishikio, na nambari ya darubini ikapigwa chapa katika kitako cha mti, zisipate kuachana. Baada ya vita ziliuzwa, na nyingi zikaachana. Wazikusanyao hata leo hukunja miwani na kuzisoma nambari hizo kabla ya kuuliza bei.