Kupanda Daraja: Historia Fupi ya Usemi



Wamarekani humsema mtu aliyefikia kilele cha kazi yake kuwa amefika katika ligi kubwa. Usemi huo umetokana na besiboli, ambayo ligi zake kuu mbili zilianzishwa mwaka 1876 na 1901. Sisi husema mtu huyo "amepanda daraja". Kwa kuwa usemi wetu husikika mno katika matangazo ya kandanda, wengi hudhani kwamba nao umezaliwa uwanjani. Historia ya neno yakanusha dhana hiyo.

"Daraja" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kwenda hatua kwa hatua. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 tayari inalipa maana za ngazi, kivuko na cheo. Ligi yetu ya taifa ilianza mwaka 1965, ubingwa ukatwaliwa na Sunderland, ambayo leo ni Simba. Kwa hiyo cheo kilitangulia ligi. Mwalimu anayedai kupandishwa daraja haazimi lugha ya mpira. Mpira ndio ulioazima lugha ya vyeo.

Hapa Mtwara maana hizo zimekutana kwa namna ya pekee. Mwaka 2010 Daraja la Umoja lilifunguliwa juu ya Mto Ruvuma, likaunganisha Mtambaswala na Negomano ya Msumbiji. Mwaka 2014 Ndanda ilipanda daraja, na uwanja wa Nangwanda Sijaona ukapokea Ligi Kuu. Mwaka 2020 ikashuka. Mtunga kamusi atauliza: je, hili ni neno moja au mawili? Kwa maoni yangu ni moja. Waarabu huita kivuko *jisr* au *qantara*. Waswahili walikipa jina la ngazi, kwa kuwa vyote viwili hukanyagwa ili mtu afike asipokuwapo.

Suala hili si dogo. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba semi zake ni mwangwi wa michezo ya wageni hataona haja ya kuzichunguza. Tena, ligi ina mlango wa kuingilia na wa kutokea, bali ngazi hubaki mahali pake. Aliyeshuka anaijua njia ya kupandia.