Mwaka wa Saba wa Mwalimu

Mwalimu wa chuo cha Kurani wa hapa kwetu pwani, ambaye hakuandikiwa mkataba wala kuhesabiwa saa, alikuwa tangu dahari na raha yake isiyopingwa na mtu: Alhamisi alasiri vibao vikiisha kuegemezwa ukutani na watoto wakitawanyika mitaani, hapakuwa na wa kumwuliza yuko wapi mpaka Ijumaa ipite.

Maprofesa wa Marekani waliipata yao kwa mapatano ya biashara. Mwaka 1880, Charles William Eliot, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipokuwa akimtamani Charles Lanman, bingwa wa Kisanskriti aliyekuwa akisomesha Johns Hopkins mjini Baltimore, alimtilia katika mizani ahadi ambayo chuo kile hakikuwa nayo, kwamba kila mwaka wa saba atakuwa huru, na nusu ya mshahara itamfuata aendako. Likizo hiyo ikaitwa kwa jina la Sabato, kwa kuwa Torati iliamuru ardhi iachwe bila kulimwa mwaka wa saba. Na neno lenyewe ni ndugu wa sabt, Jumamosi ya Waarabu. Nusu ya mshahara, naam, kwa mwenye watoto wengi na kodi ya nyumba, ni raha ya kutazamwa kwa mbali.

Vyuo vingine vikafuata, na hapo ndipo ilipodhihiri niya ya wenye mali. Mwaka 1907 kamati ya wadhamini wa Chuo Kikuu cha Columbia ilitamka bila kificho kwamba desturi hii haikuwekwa kwa maslahi ya maprofesa, bali kwa manufaa ya elimu ya vyuo vikuu. Uchovu wa mwalimu, basi, haukuwa hoja ya kutosha mbele ya baraza. Ilimpasa aombaye kupumzika aonyeshe faida atakayorudi nayo. Ardhi ya Torati haikutakiwa hesabu kama hiyo.

Lanman mwenyewe hakurudi mikono mitupu alikokwenda: mwaka 1889 alisafiri Bara Hindi, akanunua vitabu na miswada ya Kisanskriti iliyoingia katika maktaba ya Harvard, kisha akaendelea kusomesha hapo hapo hadi mwaka 1926, na Johns Hopkins hawakumpata tena.