Intumba: Udongo wa Ufipa Uliotengenezwa Palepale

Historia ya Ufipa, uwanda wa juu katika mkoa wa Rukwa, Tanzania, husimuliwa kwa kuanzia na watawala wa Milansi, kisha falme za Nkansi na Lyangalile. Wanaopenda ufundi huanzia kwenye malungu, yale matanuri marefu ya udongo yaliyoyeyusha mawe ya chuma. Kwa maoni yangu, masimulizi hayo yanamsahau aliyewalisha wote, yaani mkulima na jembe lake. Bila intumba, kilima cha udongo kinachofukia nyasi, ni vigumu kueleza vijiji vikubwa vya kudumu vilistawi vipi juu ya uwanda wenye nyasi nyingi na miti michache. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyechapisha kitabu chake juu ya dola ya Wafipa mwaka 1981, alikipa kilimo hiki uzito mkubwa, nami naona hakukosea.

Kazi hufanyika mvua zikiwa zimelainisha ardhi na nyasi zingali mbichi. Mkulima hukata bapa la udongo pamoja na nyasi zake, hulipindua ili nyasi zielekee ndani, hurundika bapa juu ya bapa mpaka kilima cha mviringo kisimame. Maharage yanaweza kupandwa juu yake huku nyasi zikioza ndani. Mvua za msimu mwingine zikianza, kilima huvunjwa, udongo ulioiva husambazwa na ulezi humwagwa. Wabemba wa kaskazini mwa Zambia walikata matawi katika eneo kubwa mara kadhaa kuliko shamba, wakayakusanya na kuyachoma ili wapate majivu. Mfipa hakukusanya chochote kutoka nje ya shamba.

Wapo watakaosema huu haukuwa ujuzi, ni uhaba wa miti tu. Lakini uhaba haumfundishi mtu cha kufanya. Watu wengine wa nyika wamefuga na kuhamahama. Wamatengo wa Mbinga nao hufukia nyasi katika mashamba yao ya mashimo yaitwayo ngoro, na ujuzi wao husifiwa sana. Sioni kwa nini wa Ufipa usipewe heshima ileile, hasa kwa kuwa M. Lunan aliuandikia makala katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki tangu mwaka 1950. Hoja nzito zaidi ni ya jasho. Kupindua ardhi kwa mkono kunachosha, na plau ya ng'ombe humaliza haraka. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kuanzia miaka ya 1970, bei moja ya mahindi nchi nzima na mbolea ya ruzuku viliiweka Rukwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika mikoa minne iliyotegemewa kwa mahindi. Ila bei ile ilificha gharama ya barabara. Ruzuku ilipoondolewa miaka ya 1990, mkulima wa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, alibeba nauli mara mbili: ya mbolea inayokuja na ya gunia linalokwenda. Nyasi za shambani mwake hazikumdai nauli yoyote.