Uhamishaji, Uokoaji au Kutoka Tu?

Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi niliyowahi kufanyia kazi, kando ya ratiba ya chai, asubuhi moja palibandikwa karatasi yenye kichwa cha herufi kubwa: MPANGO WA UHAMISHO WA WAFANYAKAZI WAKATI WA DHARURA. Haikufika saa nne kabla mhasibu mmoja hajauliza kama posho ya kusafirisha mizigo italipwa. Tulicheka, ila mwenzetu alikuwa na haki. Kwa mtumishi wa Tanzania, uhamisho ni barua ya kukupeleka Sumbawanga wewe na familia yako.

Aliyeandika karatasi ile alikuwa anatafuta Kiswahili cha evacuation. Neno hilo limetoka kwenye Kilatini na asili yake ni kuacha mahali patupu, yaani linatazama jengo: libaki bila mtu ndani. Sisi tumelipokea kila mmoja kwa mlango wake. Wapo wanaosema uhamishaji, wapo wa uondoaji, na wengine huandika uokoaji bila kusita.

Tuanze na uokoaji, maana huo una mwenyewe. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limelibeba neno hilo kwenye jina lake, na ndiyo kazi yake: kumfuata aliyenaswa ndani, aliyeishiwa nguvu kwa moshi, aliyefukiwa na kifusi. Uokoaji huja pale ambapo kutoka kumeshindikana. Ukiupa mpango wa ofisi jina hilo, umekwishakubali kwamba watu watabaki ndani wakingoja gari jekundu.

Uhamishaji na uondoaji vina kasoro iliyojificha zaidi, nayo imo katika kitenzi. Hama ni tendo langu mwenyewe. Hamisha ni tendo la mtu mwingine juu yangu. Ndivyo ilivyo kwa ondoka na ondoa. Hiyo -isha ya hamisha inamgeuza mfanyakazi kuwa mzigo, na mzigo hukaa ulipowekwa hadi aje wa kuubeba. Sisemi kiambishi kinaua mtu. Lakini muulize karani wa ghorofa ya nne atafanya nini kengele ikilia, atakujibu, "Tutasubiri watuambie." Nani hao? Hajui.

Tarehe 11 Septemba 2001, jijini New York, ndege ilipogonga mnara wa kwanza wa World Trade Center, waliokuwa mnara wa kusini walitangaziwa kwenye spika kuwa jengo lao ni salama, wabaki maofisini. Rick Rescorla, mkuu wa usalama wa kampuni ya Morgan Stanley, hakulisikiliza tangazo hilo. Kwa miaka kadhaa alikuwa amewazoeza wafanyakazi kushuka ngazi wawili wawili, wakubwa wa kampuni wakinung'unika kwamba anawapotezea muda. Siku hiyo walishuka kwa miguu yao, karibu watu 2,700. Yeye alirudi juu kutafuta waliobaki, na mnara ukaanguka naye ndani.

Hata ile alama ya kijani juu ya milango ya dharura, iliyochorwa na Yukio Ota wa Japani, inalijua jambo hili kuliko tafsiri zetu. Mtu wake anakimbia mwenyewe. Habebwi.

Kwa hiyo mimi nashauri tuseme kutoka. Mpango wa kutoka wakati wa dharura. Zoezi la kutoka. Najua wapenda istilahi watalalamika kwamba neno ni jepesi mno, halina ule uzito wa nomino ya u-. Ndiyo sifa yake. Katikati ya moshi hakuna anayekumbuka nomino nzito.

Na zoezi lenyewe tuache kuliita la zimamoto. Pale ofisini kwetu tuliitwa uwanjani siku ya zoezi la zimamoto, mkufunzi akawasha dizeli kwenye beseni la chuma, mlinzi akavuta pini ya mtungi na kupuliza, moto ukazimika, tukapiga makofi na picha. Kisha tukapanda lifti kurudi kazini. Ngazi za nyuma hakuna aliyezikanyaga. Jioni nilizishuka kwa udadisi: kwenye kona ya ghorofa ya pili palikuwa na maboksi ya karatasi za kuchapia, na mlango wa chini ulikuwa na kufuli. Funguo alikuwa nazo mlinzi, naye alikuwa amekwenda kunywa chai.

Mwaka 1911, kwenye kiwanda cha nguo cha Triangle, huko huko New York, mlango wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Moto ulipozuka, walikufa watu 146.

Limebaki neno moja ambalo tumelipatia, nalo ni mahali pa kukusanyikia. Hapo huitwa majina kwa orodha ya waliofika kazini siku hiyo. Orodha isipokuwapo, askari wa zimamoto ataingia motoni kumtafuta mtu aliyekwenda benki.

Ukifika kazini kesho, tafuta mlango wa dharura wa ghorofa yako, shuka ngazi zake mpaka chini kabisa, kisha usukume mlango wa mwisho. Ukikuta kufuli, uliza funguo ziko kwa nani, na usiondoke hapo mpaka lifunguliwe.